Kazi ya Mtoto Isiteketee Pamoja na Shule



Katika mkutano mmoja wa walimu tulipendekeza kwamba kila mwanafunzi awe na mkoba wa kazi wa kidijitali. Mwenzetu mmoja akasimama, akasema: "Masisi hakuna umeme, Walikale hakuna barabara, nanyi mwatuletea mambo ya Ulaya! Mtoto ana buletini yake, buletini yatosha." Watu wakacheka, wakapiga makofi, na shauri likafungwa. Sisi hatukucheka. Ukurasa huu tunauandika ili kumjibu mwenzetu yule, pamoja na wote waliompigia makofi, ingawa kwa maoni yetu vita vilikwisha kumjibu.

Kwanza tukieleze kitu chenyewe, maana wengi hukikataa kabla ya kukijua. Mkoba wa kazi ni mkusanyo wa kazi ambazo mwanafunzi amezifanya kwa mkono wake katika muda mrefu: insha, hesabu, mchoro, ramani ya kijiji, hadithi aliyoisimulia, bustani ya mboga aliyoitunza. Wachoraji na wajenzi wamekuwa wakibeba mikoba ya namna hiyo tangu zamani, ili mtu anayetaka kuwapa kazi aone matendo yao kabla ya kusikia sifa zao. Mkoba wa kidijitali ni huohuo, ila karatasi zimegeuzwa kuwa picha na sauti zilizohifadhiwa katika simu, katika tabuleti au katika kadi ya kumbukumbu. Intaneti si sharti lake. Masharti yake ni mwalimu mwenye macho, mwanafunzi mwaminifu na utaratibu unaofuatwa.

Sasa tukumbuke Januari 2025. Masisi-kati ilitekwa mwanzoni mwa mwezi, Sake ikafuata, na Goma ikaanguka mwishoni mwa mwezi uleule. Mwezi wa Machi vita vikafika Walikale-kati. Wakati huo kambi za Bulengo na Lushagala, zilizowahifadhi watu wengi wa Masisi pembeni mwa Goma, zilikuwa zimekwisha kuvunjwa, na waliokimbia mara ya kwanza wakakimbia tena. Katika safari kama hiyo mama hubeba mtoto mgongoni, sufuria kichwani na blanketi chini ya kwapa. Nani abebe buletini? Na hata angekumbuka kuibeba, buletini nyingi hubaki katika kabati la direktere, na kabati hubaki katika shule ambayo kesho yake ni malazi ya wakimbizi au ya askari, na madawati yake ni kuni.

Katika siku hizo alifika kwetu msichana mmoja kutoka upande wa Masisi. Jina lake hatulitaji. Alisema kwamba alikuwa katika mwaka wa sita wa shule ya msingi. Tukamwuliza karatasi zake ziko wapi, naye akatazama chini. Basi tukafanya kama tulivyozoea: tukampa jaribio la saa mbili, kwa Kifaransa, asubuhi ya siku ambayo alikuwa amelala barazani pa kanisa bila kula. Akashindwa. Tukampeleka mwaka wa nne, akakaa nyuma kabisa pamoja na watoto waliomfikia begani.

Baada ya majuma kadhaa kaka yake akafika akiwa na simu yenye kioo kilichopasuka. Ndani yake mlikuwa na picha tisa za madaftari ya dada yake. Kaka alikuwa akizipiga ili kumtumia baba yao, aliyekuwa mbali akitafuta riziki, apate kuona kwamba fedha anazozituma zinazaa matunda. Tuliona ukurasa wa hesabu za sehemu, wenye wino mwekundu wa mwalimu wake. Tuliona barua ya Kifaransa kwa baba, yenye makosa machache na adabu nyingi. Tuliona mchoro wa moyo wa binadamu, na mishale inayoonyesha damu inakotoka na inakokwenda. Yule alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa sita, tena hodari. Lakini orodha ya watahiniwa wa mwaka wa sita ilikuwa imekwisha kufungwa. Tukamwambia avumilie mpaka mwaka ujao. Mwezi wa Septemba hakurudi shuleni.

Hatukumtendea hivyo kwa chuki. Tulifuata utaratibu, na utaratibu wenyewe haukuwa na nafasi ya kumtazama. Simu iliyopasuka ilituambia kwa dakika tano yale ambayo jaribio letu halikuyaona kwa saa mbili. Zile picha tisa zilikuwa mkoba wa kazi, ingawa kaka yake hakuwa amewahi kulisikia jina hilo.

Ndiyo sababu hatukubali kwamba buletini yatosha. Buletini husema "asilimia 62". Haisemi asilimia 62 ya nini, wala kwa kipimo cha nani. Mwanafunzi akibaki katika shule yake, mwalimu wake anajua maana ya namba hiyo. Akivuka mto na kuingia katika shule nyingine, namba inabaki bila mkalimani. Na karatasi ikipotea, hata namba yenyewe haipo. Ni haki gani hiyo, kwamba miaka sita ya juhudi ya mtoto itegemee karatasi moja ambayo mvua yaweza kuiharibu kwa usiku mmoja?

Wala hatuupingi mtihani. Mtihani wa Serikali umekuwapo katika nchi yetu tangu 1967, na watoto wengi wa wakulima wameupitia wakafika chuo kikuu. Una haki yake: karatasi haijui mtoto huyu ni wa nani. Lakini mtihani wa maswali ya kuchagua jibu hauwezi kuona namna mtu anavyorudia insha mara tatu hadi ikanyooka, wala namna anavyoongoza wenzake katika kupima shamba la shule. Mtihani huonyesha siku moja. Mkoba huonyesha njia aliyoipita mwanafunzi. Tunavitaka vyote viwili.

Tuje kwenye hoja za mwenzetu. Ya kwanza: hakuna umeme wala mtandao. Tuhesabu pamoja. Darasa lina wanafunzi 50. Kila mmoja ahifadhi kazi 4 kwa muhula. Kwa mihula mitatu ni kazi 12. Darasa zima ni picha 600 kwa mwaka. Picha ya ukurasa wa daftari, ikipunguzwa vizuri, haizidi nusu megabaiti. Basi jumla ni megabaiti 300. Shule ya msingi yenye madarasa sita itatumia gigabaiti 1.8 kwa mwaka, na kwa miaka sita haitafika gigabaiti 11. Kadi ya kumbukumbu ya gigabaiti 32, ndogo kuliko ukucha, itazibeba zote, na nafasi ya sauti itabaki. Simu ya kupigia picha huchajiwa kwa paneli za jua katika vibanda vya miji yetu midogo, mahali palepale ambapo walimu wanachaji simu zao kila siku. Kadi ikinakiliwa mara tatu, nakala moja ibaki shuleni, moja parokiani, na moja ya kazi zake mwenyewe apewe mwanafunzi ashonewe katika upindo wa nguo ikibidi, basi moto wa mahali pamoja hautaangamiza kila kitu.

Na hilo neno "mambo ya Ulaya" tunaomba lifutwe. Machimbo ya Rubaya, huko Masisi, hukadiriwa kutoa takriban asilimia 15 ya koltani ya dunia, na katika koltani hutoka tantalumu iliyomo ndani ya simu. Bisie, huko Walikale, huchimbwa madini ya bati, na bati ndiyo inayounganisha vipande vya mitambo hiyo. Vijana wa kwetu wanaingia mashimoni na wengine hawatoki, ili dunia iwe na simu. Halafu sisi walimu wao tuseme kwamba simu ni kitu cha watu wengine, kisichofaa kuhifadhi insha ya mtoto wa mchimbaji? Hapo ndipo tunapokosa haya.

Hoja ya pili ni nzito zaidi: udanganyifu, na maksi zisizolingana. Kaka aweza kuandika insha ya dada. Mwalimu mmoja aweza kutoa 8 pale ambapo mwingine atatoa 5. Hofu hiyo ina historia. Katika jimbo la Vermont, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1990, mikoba ya kazi ilitumika kupima wanafunzi wa jimbo zima. Watafiti wa taasisi ya RAND wakagundua kwamba wasahihishaji wawili, wakipewa mkoba mmoja, mara nyingi hawakupatana. Walimu walipofunzwa zaidi, mapatano yakaongezeka katika hesabu, ila katika uandishi yakachelewa. Fundisho ni kwamba mkoba bila kipimo cha pamoja ni sanduku la picha tu, na anayeuingiza shuleni bila kuwafunza walimu anajenga juu ya mchanga.

Kwa hiyo sisi tunadai mambo yaliyo wazi. Kila mkoba usomwe na walimu wawili, kila mmoja peke yake, kwa vipimo vinne vilivyoandikwa na kujulikana na wanafunzi kabla ya kuanza: usahihi, uwazi wa maelezo, maendeleo kutoka kazi ya kwanza hadi ya mwisho, na uwezo wa kuitetea kazi kwa mdomo. Rasimu zihifadhiwe pamoja na nakala safi, maana mtu aliyeandikiwa insha hana rasimu. Kisha mwanafunzi asimame mbele ya walimu hao, achague kazi tatu, aeleze kwa nini amezichagua na alikosea wapi. Aliyeazima akili ya kaka yake hataivuka dakika ya pili. Tena kujieleza huko si kukamata wezi tu. Mtoto anayeweza kuonyesha kosa lake la Oktoba na namna alivyolirekebisha Februari amejifunza jambo ambalo asilimia haimfundishi.

Hoja ya tatu ni ya gharama, na hapa tuwasikilize majirani. Kenya iliingiza mtaala wa umilisi katika madarasa ya chini nchi nzima mwaka 2019. Mtihani wa kwanza wa mwisho wa shule ya msingi chini ya mtaala huo ulifanyika 2022, na ulipangwa kubeba asilimia 40 tu ya alama. Asilimia 60 zilikusudiwa kutoka katika kazi za shuleni za gredi ya 4, ya 5 na ya 6, ambazo walimu huzituma kwa baraza la mitihani kwa njia ya mtandao. Ni jambo kubwa kwamba nchi jirani imekubali kazi ya darasani iwe na uzito kuliko siku ya mtihani. Lakini wazazi wengi wa huko walilalamika pia: kuchapisha picha, kununua vifaa, kulipa vibanda vya intaneti, na kufanya wenyewe kazi zilizotakiwa kufanywa na watoto. Malalamiko hayo tuyaweke moyoni. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 43, inasema kwamba elimu ya msingi katika shule za umma ni ya bure, na tangu Septemba 2019 serikali imetangaza kuitekeleza. Shule itakayomdai mzazi hata franka moja "ya mkoba" itakuwa imeugeuza kuwa mlango mwingine wa kuwafukuzia maskini. Simu iwe moja, ya shule. Kazi zifanywe darasani, kwa vitu vilivyo karibu: udongo, mianzi, majani ya migomba, na kalamu.

Tumewajibu wanaoukataa mkoba. Sasa tugeukie wanaoupenda kwa sababu mbaya, maana hao twawaogopa zaidi. Wako wanaoona mkoba wa kidijitali kuwa dirisha la duka. Hupanga watoto mstari, huwapa kalamu mpya kwa dakika kumi, huwapiga picha wakitabasamu, kisha picha husafiri kwa wafadhili na kalamu hurudi sandukuni. Tumeyashuhudia haya kwa macho yetu, katika mradi ambao hatutautaja. Mtoto aliyechora daraja zuri hakuonyeshwa kamwe mchoro wake; uso wake ndio uliotakiwa. Hakuna mwalimu aliyeandika hata sentensi moja juu ya kazi ile. Tunasema bila kuficha: kuonyesha kazi ya mwanafunzi bila kuisoma ni kumtumia mwanafunzi.

Tena katika nchi yetu ni hatari. Simu hupekuliwa vizuizini. Picha yenye uso, jina na kijiji yaweza kumwambia mwenye bunduki ni mtoto wa nani yuko wapi, na shule ipi ina wavulana wa umri wa kulazimishwa kubeba silaha. Simu nyingi pia huandika ndani ya picha mahali ilipopigwa, hata kama mpigaji hajui. Kwa hiyo mkoba wetu upigwe picha za kazi, si za nyuso. Mpangilio wa kurekodi mahali uzimwe kabla ya picha ya kwanza. Kila mwanafunzi awe na namba, na daftari la namba na majina litunzwe na direktere mbali na simu. Mtoto na mzazi wake wawe na haki ya kusema "ondoeni hiki", nacho kiondolewe siku hiyohiyo. Asiyeweza kuyashika masharti haya aache kabisa. Buletini ni dhaifu, lakini haimsaliti mtoto kwa wenye silaha.

Mkoba huu ni mali ya mwanafunzi. Haumilikiwi na shule wala na mradi, na sisi walimu ni watunzaji wake tu. Mmesikia Injili ya yule mtumishi aliyeichimbia talanta ya bwana wake ardhini. Walimu tunaofungia madaftari kabatini, mwaka ukiisha tukayauza kwa wafungaji wa karanga, tujiulize tunafanana na nani katika mfano ule.

Mtauliza ni kazi zipi zinazostahili kuingia. Tunajibu kwa jambo la Walikale kwenyewe. Mwaka 1956, mzee Candi Rureke wa Wanyanga alimsimulia mtafiti Daniel Biebuyck utenzi wa Mwindo, kwa kuimba na kucheza, siku baada ya siku. Biebuyck na Kahombo Mateene, aliye mwana wa Wanyanga, wakautoa kitabuni mwaka 1969. Mzee Rureke angepewa maswali ya kuchagua jibu la a, b au c, angepata ngapi? Hatujui, na haidhuru. Kilichobaki ni kazi yake yenyewe, na kwa sababu ilihifadhiwa, dunia imejua kwamba katika misitu yetu palikuwa na msanii mkubwa. Lakini kitabu chenyewe kilichapishwa California, na wengi wetu tumezeeka bila kukishika mkononi. Basi mtoto anayejua hadithi ya bibi yake kwa Kihunde, kwa Kinyanga, kwa Kikumu au kwa Kinyarwanda arekodiwe sauti, kisha aiandike kwa Kiswahili na kwa Kifaransa. Hiyo ni kazi ya lugha, ya kumbukumbu na ya uandishi kwa pamoja. Ihukumiwe kwa uzito huo, na safari hii nakala ibaki kwetu.

Vijana, shauri lililofungwa na walimu kwa makofi ninyi mwaweza kulifungua. Ninyi wa Xaveri, wa Kizito-Anuarite na wa kwaya mnazifahamu simu kuliko sisi. Tunawaomba mambo matatu. Jumamosi ijayo, kikundi kimoja kiende kwa direktere wa shule ya parokia, kijitolee kupiga picha za madaftari ya mwaka wa sita chini ya usimamizi wa mwalimu, kwa masharti tuliyoyaandika hapa. Kikundi cha pili kitafute kadi tatu za kumbukumbu na kuandika namba juu yake. Kikundi cha tatu kitembelee familia zilizokimbia na kuwauliza watoto, kwa upole, walikuwa wakisoma nini walipoondoka. Na kama kuna kaka mwenye picha katika simu iliyopasuka, ziletwe kwa mwalimu kabla orodha ya mtihani haijafungwa.

Sisi kwa upande wetu tumeamua kwamba katika shule tunayofundisha hakuna mtoto mgeni atakayewekwa darasani kwa jaribio moja. Ataulizwa alifanya nini, na ataonyesha, au ataeleza, au atafanya mbele yetu kwa siku kadhaa, akiwa ameshiba na kulala. Uamuzi huo ungekuwapo Januari ya 2025, yule msichana angekuwa leo katika sekondari. Anayemfahamu amwambie kwamba mlango uko wazi, na kwamba picha zake tisa tumezihifadhi.